Mjadala wa Kaplong: Pikipiki Kuukuu za Kiingereza Zihifadhiwe, Ziboreshwe au Ziuzwe?

Suala la pikipiki kuukuu za Kiingereza katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet lina pande zaidi ya mbili, na kila upande una hoja yenye uzito wake. Kwa pikipiki kuukuu za Kiingereza inakusudiwa hapa mitambo iliyoundwa Uingereza kabla ya tasnia hiyo kuanguka katika miaka ya 1970, yaani BSA ya Birmingham, Triumph ya Coventry na baadaye Meriden, Royal Enfield ya Redditch, Matchless na AJS zilizotoka katika kiwanda kimoja cha Plumstead, London, pamoja na Norton, Ariel na Velocette. Viwanda hivyo vilishika soko la makoloni ya Uingereza kwa muda wa nusu karne, hadi Wajapani walipoleta mashine nyepesi zisizovuja oili. Na baada ya Honda kutoa CB750 mwaka 1969, kampuni za Kiingereza ziliporomoka moja baada ya nyingine, BSA yenyewe ikimezwa na muungano wa Norton Villiers Triumph mwaka 1973.

Afrika Mashariki ilizipokea pikipiki hizo kupitia mikono ya walowezi, wamisionari, maafisa wa serikali na jeshi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1919 mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi wa Kizungu, na katika eneo la Kericho ekari zipatazo 25,000 zilitengwa kwa ajili ya maafisa waliolemaa vitani, ambao walijaribu kilimo cha kitani kikawashinda, kisha ardhi hiyo ikaishia mikononi mwa kampuni za chai. Vita vya Pili navyo vilileta BSA M20, pikipiki ya jeshi yenye injini ya sentimita za ujazo 500, ambayo iliundwa kwa idadi ya takriban 126,000 na ambayo nyingi zake ziliuzwa kwa raia baada ya amani kurejea.

Kaplong imechaguliwa kuwa baraza la mjadala huu kwa kuwa ni njia panda: barabara itokayo Narok na Bomet hukutana pale na ile inayoteremka kutoka Kericho kupitia Litein, kisha safari huendelea hadi Sotik na Kisii. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, njia panda za aina hii zimejaa bodaboda za Kihindi, hasa Boxer na TVS, na pamoja nazo wamejaa mafundi wanaoweza kuifungua injini na kuifunga kabla ya jua kutua. Swali ni kama ujuzi huo unaweza kuelekezwa kwenye mashine za kale, na kwa masharti gani. Sauti nne zinazofuata si za watu fulani wenye majina. Ni misimamo minne iliyopewa nafasi ya kujibizana.

Kabla ya kuwasikiliza, yafaa istilahi tatu zitenganishwe, maana zikichanganywa mjadala wote huvurugika. Kuhifadhi ni kuizuia mashine isiharibike zaidi huku alama za umri wake zikiachwa mahali pake. Kurejesha ni kuirudisha katika hali inayoaminiwa kuwa ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Kuboresha ni kuipa kitu ambacho kiwanda hakikuipa, kama umeme wa volti 12 au breki zenye nguvu zaidi. Mkataba wa Turin, ulioandaliwa na FIVA, ambalo ni shirikisho la kimataifa la vyombo vya usafiri vya kale, unatanguliza uhifadhi mbele ya urejeshaji, na unataka mageuzi yoyote yawe machache, yatambulike, na yaweze kuondolewa bila kuacha jeraha.

MWALIMU: Mashine ya aina hii ni hati kabla haijawa chombo cha usafiri. Chini ya silinda kiwanda kiligonga namba ya injini, na kwenye shingo ya fremu kikagonga namba ya fremu. Namba hizo ziliingizwa katika madaftari ya kiwanda pamoja na tarehe ya kutoka na jina la wakala aliyepelekewa. Sehemu kubwa ya madaftari hayo imesalia, na klabu za wapenzi huko Uingereza, kama vile Vintage Motor Cycle Club iliyoanzishwa mwaka 1946, huwapatia wamiliki hati za kuthibitisha mwaka wa mashine zao. Rangi ya asili, hata ikiwa imepauka na kubanduka, ni ukurasa wa hati hiyo hiyo, na anayeipiga msasa ili apake nyeusi inayong'aa amefuta maandishi ambayo hakuna awezaye kuyaandika tena. Wala asiseme mtu kwamba soko linadai mng'aro. Mwaka 2016, kule Stafford, kampuni ya mnada ya Bonhams ilinadi pikipiki nane za Brough Superior zilizokuwa zimeachwa kwa miongo mingi katika mabanda ya Bodmin Moor, Cornwall, nyingine zikiwa vipandevipande na zote zikiwa na kutu. Moja kati ya hizo, BS4 ya mwaka 1938, ilinunuliwa kwa pauni 331,900. Kutu haikumzuia mnunuzi, kwa sababu alikuwa akinunua ukweli ambao haujaguswa.

FUNDI: Mwalimu amesema kweli kuhusu namba, na hilo halipingwi na fundi yeyote mwenye heshima, lakini Brough zile hazikununuliwa ili zipande mlima kutoka Sotik hadi Litein zikiwa na mtu mgongoni. Hali ya asili anayoitetea Mwalimu haipo tena hata kwenye pampu ya petroli. Injini hizi zilibuniwa zitumie petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa kampeni iliyoongozwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake makuu Nairobi. Kuondolewa kwake ni jambo jema, kwa kuwa risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto. Lakini ndani ya injini ilikuwa na kazi, nayo ni kukilinda kiti cha valvu, yaani ule ukingo wa chuma ambao valvu ya ekzosti hujifunga juu yake. Risasi ikikosekana, kiti cha chuma laini huliwa kidogokidogo, valvu huzama, mgandamizo hupotea, na pikipiki iliyorejeshwa kwa gharama kubwa hushindwa kuwaka asubuhi. Tiba ni kukipeleka kichwa cha silinda kwenye mashine ya kukerezea na kupachika viti vya chuma kigumu, ambavyo kiwanda hakikuviweka. Mwalimu aseme kama huko ni kurejesha au ni kuboresha, maana bila kazi hiyo hakuna safari.

Nyanda hizi zenyewe zina masharti yake. Ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya tano. Kabureta ya Amal iliyopimwa kwa hewa ya Birmingham hapa humimina petroli kupita kiasi, plagi ikatoka nyeusi kwa masizi na injini ikakohoa mlimani, hadi ile jeti kuu, yaani kishimo kidogo cha shaba kinachopitisha petroli, ibadilishwe kwa iliyo nyembamba zaidi. Kisha kuna mvua. Pikipiki nyingi za kabla ya miaka ya 1960 huwashwa na magneto, kifaa kinachozalisha cheche kwa kuzungusha koili kati ya sumaku bila kuhitaji betri, na koili zile za Lucas zilipakwa sheleki, ambayo ni gundi ya asili inayolainika kwa joto na kuharibiwa na unyevu. Injini huwaka vizuri ikiwa baridi, huenda kilomita kumi, ikizimwa kwa ajili ya kununua chai haiwaki tena mpaka ipoe. Anayeijua dalili hiyo haanzi kuifungua kabureta. Anajua kwamba koili na kapasita ndani ya magneto zimekufa, na kwamba lazima koili isukwe upya.

Na hata kabla ya kufika huko, kuna spana. Fundi wa bodaboda ana spana namba 10, 12 na 14 za milimita, na kwa hizo anaifungua Boxer karibu yote. Akizipeleka kwenye BSA, spana hucheza, pembe za nati huliwa, naye huchukua patasi na nyundo. Bolti za Kiingereza hufuata vipimo vya Whitworth pamoja na vile vya baiskeli vinavyoitwa CEI, ambavyo kwa kawaida vina nyuzi 26 katika kila inchi, na spana zake huandikwa kipimo cha mwili wa bolti badala ya upana wa kichwa, kiasi kwamba anayepima kwa macho hukosea kila mara. Uharibifu mkubwa unaoonekana katika mashine hizi haukuletwa na mvua wala umri. Uliletwa na bolti ya milimita iliyolazimishwa katika tundu la inchi, ikashika mizunguko miwili, kisha ikaichana alumini. Anayetaka kuzihifadhi aanze kwa kununua seti ya spana, halafu ndipo azungumze juu ya rangi.

MAMA MFANYABIASHARA: Fundi amefundisha, na Mwalimu ameonya, lakini hakuna hata mmoja aliyesema mashine hiyo inamlipa nani. Wanunuzi ni wa namna mbili, na anayewachanganya hupata hasara kwa wote wawili. Yupo anayetaka kuipanda Jumapili kutoka Nairobi hadi Naivasha na kurudi salama. Huyo hulipia umeme wa volti 12, kiwashio cha kielektroniki badala ya platini, na kichujio cha oili, maana BSA nyingi zilitoka na wavu tu wa kuzuia vipande vikubwa. Yupo pia anayetaka kuipeleka Concours d'Elegance, yale maonyesho ya magari na pikipiki ambayo klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo imekuwa ikiyaandaa Nairobi tangu mwaka 1970, na ambayo makao yake yamekuwa uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Huyo akiona kifaa kigeni hupunguza bei papo hapo. Lakini wote wawili huuliza swali moja kwanza: karatasi ziko wapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii msemo huo ni sheria. Pikipiki ambayo kitabu chake cha umiliki kina jina la mtu aliyeondoka nchini zamani, na ambayo haijaingizwa katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, haiwezi kuhamishwa jina kihalali, hata ikiwa injini yake inapiga kama saa. Kazi ya kwanza ya muuzaji mwaminifu hufanyika ofisini kabla ya gereji.

Na vipuri visitajwe kana kwamba haviwezi kupatikana. Royal Enfield Bullet ilianza kuundwa Madras, ambayo sasa ni Chennai, mwaka 1955, ikaendelea kuundwa huko miaka mingi baada ya kiwanda cha Redditch kufungwa, na kwa hiyo Bullet ya zamani inaweza kupata sehemu zake kutoka India kwa njia ile ile inayoleta vipuri vya bodaboda. Kwa BSA na Triumph vipo viwanda vidogo Uingereza vinavyounda upya kila kitu kuanzia gasketi hadi tangi. Kinachokosekana Kaplong si chuma. Ni orodha sahihi ya namba za vipuri na mtu wa kuisoma.

MZEE: Mwalimu ameleta madaftari, Fundi ameleta spana, Mama ameleta soko, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa akipanda na ni nani aliyekuwa akitembea kwa miguu. Mashine hizi ziliingia katika nchi ya Kipsigis pamoja na mabango ya mipaka ya mashamba. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi karibu na ziwa, mbali na ardhi yao na mbali na watu wao, na madai ya ardhi ya Kericho hayajaisha hadi leo. Kijana wa hapa ana wajibu gani wa kung'arisha alama ya ulowezi, au kuiona kuwa urithi wake? Kama yupo mnunuzi wa ng'ambo anayekitaka chuma chake, na akichukue kwa bei nzuri, na fedha hizo zilipe karo za watoto.

MWALIMU: Mzee hawezi kujibiwa kwa kuambiwa asahau, na hakuna anayemwambia hivyo. Lakini historia ya dhuluma inapobaki bila vitu vya kushikika, huwa rahisi kwa wajukuu wa aliyedhulumu kuikana. Kenya ilifungua Jumba la Makumbusho la Reli Nairobi mwaka 1971, miaka minane tu baada ya uhuru, na ndani yake yamo magarimoshi ya reli ambayo ujenzi wake uligharimu maisha ya maelfu; hayakuwekwa pale ili kumtukuza mkoloni. Zaidi ya hayo, pikipiki hazikubaki mikononi mwa walowezi. Walipoondoka, nyingi ziliachwa kwa makarani, walimu na mafundi Waafrika, na miongo ambayo zimekaa katika mikono hiyo ni mingi kuliko ile ya walowezi. Sheria yenyewe ina pengo hapa. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inakitambua kifaa kuwa cha kale ikiwa kiliundwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na inautaja waziwazi mlango wa nakshi wa kabla ya mwaka 1946, kiasi kwamba mlango wa Lamu hauwezi kusafirishwa kiholela. Lakini BSA Bantam, ile pikipiki ndogo ya sentimita za ujazo 125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kwa mchoro wa DKW ambao Waingereza waliuchukua kwa Wajerumani kama fidia ya vita, haimo katika fungu lolote kati ya hayo. Ikiuzwa nje, imekwenda.

MZEE: Basi iandikwe hivyo. Kama daftari la mashine linaanzia Birmingham na kuishia kwa mnunuzi wa London bila kumtaja karani aliyeinunua kwa mlowezi, wala fundi aliyeitengeneza kwa miaka thelathini kwa waya na vipande vya ngozi, hilo bado ni daftari la walowezi. Yakiandikwa majina hayo, pingamizi kubwa litakuwa limeondoka.

FUNDI: Hapo Mzee amegusa kitu ambacho gereji inaweza kukitekeleza kesho. Na kwa upande wa maboresho upo mpaka ulio wazi. Kiwashio cha kielektroniki kinaweza kufichwa ndani ya ganda la magneto ya zamani. Volti 12 inaweza kuwekwa bila kutoboa tundu jipya. Kichujio cha oili kinaweza kuunganishwa kwenye mpira unaorudisha oili tangini. Na kila kilichotolewa kifungwe katika sanduku na kukabidhiwa mnunuzi pamoja na pikipiki. Kinachokatazwa ni kukata fremu, kuchomelea vibanio, na dhambi iliyo kubwa kuliko zote, kugonga namba upya. Wapo wanaoikuta BSA ya miaka ya 1950 yenye namba ya injini isiyofanana na ya fremu, wakadhani ni kasoro, wakasaga namba moja na kugonga nyingine ili zilingane, wasijue kwamba zama hizo kiwanda cha BSA hakikuzilinganisha. Wameiharibu mashine halali kwa kuipa sura ya mashine ya wizi.

MAMA MFANYABIASHARA: Mpaka huo ni mzuri kwa gereji yenye akiba. Mteja akija na fedha taslimu akataka fremu ikatwe nyuma, kiti kiwe kifupi na usukani uwe wa chini kwa mtindo wa mashindano, anayemkatalia anamsindikiza kwa jirani. Anayelipa ndiye anayechagua.

FUNDI: Anachagua juu ya pikipiki yake, hachagui juu ya jina la gereji. Na yapo mabomba na mabanio ya kufunga kwa bolti yanayoweza kumpa sura anayoitaka bila msumeno.

Sauti hizo mbili za mwisho haziwezi kupatanishwa kikamilifu, wala si lazima. Hata hivyo, uamuzi unaweza kutolewa juu ya mambo yaliyo makubwa zaidi. Hoja ya Fundi juu ya petroli inatosha kuonyesha kwamba urejeshaji kamili hauwezekani kwa mashine itakayotembea, na kwa hiyo ubishi kati ya asili na maboresho unapaswa kuachwa, nafasi yake ichukuliwe na swali moja: je, kilichofanywa kinaweza kutenduliwa, na je, kimeandikwa? Hoja ya Mzee nayo ina uzito kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoamua mashine hizi ni za nani. Na jibu lake alilitoa mwenyewe, kwamba majina ya Waafrika walioziweka hai yaingie katika kumbukumbu. Kuhusu kuuza, faida ya kudumu kwa mahali kama Kaplong haimo katika kuzitoa pikipiki nchini, kwa kuwa idadi yake ni ndogo na haiongezeki. Imo katika kuuza kazi, yaani kusuka koili za magneto, kukereza vichwa vya silinda na kufunga spoki za magurudumu kwa wamiliki wa Nairobi, Nakuru na Eldoret ambao leo huvipeleka vifaa hivyo Uingereza au huviacha vioze.

Adui aliye karibu zaidi ni mizani ya vyuma chakavu. Ingawa Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni, hakuna kifungu kinachomzuia mwenye banda kuiuza kwa kilo injini ambayo hajui ni nini. Kwa sababu hiyo, yeyote aliye na pikipiki ya Kiingereza katika stoo, katika banda la ng'ombe au nyuma ya nyumba ya babu, anaombwa kufanya mambo matatu kabla ya kumwita mnunuzi yeyote: aisafishe shingo ya fremu na sehemu ya chini ya silinda kwa mafuta ya taa na kitambaa, bila msasa, apige picha za namba zote mbili, kisha awaulize wazee wa nyumbani ni nani waliowahi kuipanda na ni nani waliowahi kuitengeneza, na ayaandike majina yao wangali hai.